Bawaba na Springi za Lori Letu la Zamani

Hotuba ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za mazao, za mikopo na za maghala, nao wamezieleza vizuri. Sisi tumechagua jambo dogo, ambalo pengine halikutarajiwa mahali penye bendera na ngoma. Tutasema habari za bawaba za milango na springi za lori letu la zamani, lile lililosimama chini ya mwembe, ambalo watoto wanalipanda na kulishuka tangu asubuhi. Tumelichagua kwa sababu katika habari hiyo limo kosa letu wenyewe, na kosa lisiloandikwa hurudiwa.

Lori lile ni Bedford ya aina ya RL, iliyoundwa Uingereza kwa kazi ya jeshi. Aina hiyo ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilishika nafasi ya Bedford QL, ambayo katika miaka ya vita, tangu 1941 hadi 1945, ziliundwa zaidi ya 50,000. Magurudumu yake yote manne huvuta, na hiyo ndiyo sababu tulilinunua mnadani katika mwaka wa pili wa Chama. Ninyi wa vijiji vya juu mwajua ya kwamba wakati wa masika hakuna gari jingine liwezalo kufika kwenu. Lilikuwa limekwisha pita katika mikono ya wenye mashamba wawili, na injini yake ya petroli ilikuwa imeondolewa ikawekwa ya dizeli. Lakini fremu yake ilikuwa nzima.

Wako waliotucheka wakisema tumenunua babu. Uzee peke yake si ugonjwa wa gari. Huko Uingereza, magari ya zimamoto yaliyojengwa juu ya chasisi za Bedford za ukoo huo katika miaka ya 1953 hadi 1956 yaliwekwa akiba katika maghala, yakatunzwa. Wazima moto walipogoma mwaka 1977, na tena mwaka 2002, yalitolewa yakaenda kazini. Kinyume chake, wazee wetu waliiona Kongwa. Mwaka 1947, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Tanganyika, Mpango wa Karanga uliletewa mitambo mingi iliyobaki vitani. Mitambo mingi ililala porini kwa kukosa vipuri na matengenezo, na mwaka 1951 mpango wenyewe ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo gari la zamani huishi au hufa kwa matunzo ya yule aliye nalo.

Sasa tuseme kosa letu.

Kwa misimu mitatu dereva alituletea maombi ya grisi na ya kukazwa bolti za springi. Kwa misimu mitatu sisi tuliyaweka maombi hayo chini ya karatasi nyingine. Tulidhani tunaokoa fedha za wanachama. Zaidi ya hayo, lori la kubeba tani 3 tulilipakia magunia 90 ya kilo 50, yaani kilo 4,500, ili kupunguza safari. Twalisema hili waziwazi, kwa kuwa waliopakia walitii amri, na amri ilikuwa yetu.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlango wa upande wa taniboi. Ulianza kuning'inia, ukawa haufungi mpaka unyanyuliwe kwa mikono miwili. Fundi wa jirani alichomelea kipande cha msumari katika bawaba, nasi tukaridhika. Baada ya majuma machache ukashuka tena. Kisha, katika kona ya mteremko ule mnaoujua, kitasa kiliachia na mlango ukafunguka lori likiwa linakwenda. Kijana wetu alining'inia kwenye chuma cha kioo cha pembeni mpaka dereva akasimamisha. Bega lake liliteguka. Lau asingeshika chuma kile, leo tungekuwa na habari nyingine ya kusema.

Juma lile lile jani kuu la springi ya nyuma lilikatika. Lori lililala njiani siku mbili, mvua ikinyesha juu ya maturubai yaliyotoboka, na kahawa ya maganda ya vijiji viwili ikalowa ikapoteza daraja.

Katika mkutano uliofuata mama mmoja mzee, ambaye magunia yake yalikuwa miongoni mwa yale yaliyolowa, alisimama akauliza, "Mwanangu Katibu, kopo la grisi ni kiasi gani?" Tulimjibu. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya gunia moja. Mama yule hakusema neno la pili. Aliketi. Mabwana, tumekwisha kukaguliwa hesabu mara nyingi, lakini ukaguzi ule hatujausahau.

Kamati iligawanyika. Wengine walitaka lori liuzwe kama chuma chakavu, wengine walitaka litengenezwe. Iliamuliwa litengenezwe, kwa sharti kwamba Katibu mwenyewe awepo karakanani kila siku ya kazi. Hivyo ndivyo tulivyojifunza haya tunayowaeleza.

Fundi mkuu alitufundisha kwanza ya kwamba springi hutangulia mlango. Springi ya lori ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, la juu likiwa refu na yale ya chini yakizidi kuwa mafupi. Mzigo hukunja zaidi katikati, ndiyo maana katikati majani ni mengi. Majani hayo yanapaswa kuteleza kidogo moja juu ya jingine, na katika kusuguana kwao humeza mtikisiko. Yakishikwa na kutu hayatelezi tena, springi huwa kama gogo, na kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja mpaka katika chumba cha dereva na kugonga bawaba. Tena springi ya upande mmoja ikilegea, lori huinama na nguzo za milango hupindana. Basi tulipokuwa tukichomelea mlango, tulikuwa tukimfunga mgonjwa kitambaa cha kichwa ilhali ameumia mguu.

Tuliliinua lori kwa jeki, tukaiegemeza fremu juu ya magogo imara, wala hatukumruhusu mtu kuingia chini likiwa juu ya jeki peke yake. Tuliondoa bolti zile za umbo la pingu zinazoifunga springi kwenye ekseli, kisha pini za ncha zake mbili. Kabla ya kugusa bolti ya katikati tuliyabana majani yote kwa vibano viwili, maana springi iliyofunguliwa ovyo hufyatuka, nayo huweza kuvunja mkono. Kisha tulinyosha uzi kutoka tundu la ncha moja hadi tundu la ncha ya pili, tukapima kina cha upinde. Springi ya kushoto ilikuwa imepungua vidole viwili kuliko ya kulia.

Majani tuliyasugua kwa brashi ya waya, tukayaloweka katika mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi tuliyafuta mpaka yakakauka, tukayapaka chaki iliyosagwa. Penye ufa usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani yalitoka taratibu yakachora mstari mweusi katika weupe wa chaki. Majani mawili tuliyodhani ni mazima yalionyesha mistari hiyo, yote mawili karibu na tundu la bolti ya katikati. Fundi akatuambia sababu yake: bolti za ekseli zikilegea, jani hukunjika mahali penye tundu, ambapo ndipo pembamba kuliko pote. Ndizo bolti zile ambazo maombi ya kuzikaza yalikuwa chini ya karatasi zetu.

Kijana mmoja alishauri majani yale yachomelewe. Fundi alikataa. Chuma cha springi kimetiwa matiko, na moto wa kuchomelea huyaharibu matiko hayo. Jani lililochomelewa hukatika tena kando ya kovu lake, mara nyingi likiwa na mzigo mlimani. Jani kuu jipya tulilipeleka kwa mfua springi mjini. Alilipasha moto likawa jekundu, akalipa upinde na kuzikunja ncha zake, akalitumbukiza katika mafuta. Hapo lilikuwa gumu lakini lenye kuvunjika kama kioo, kwa hiyo akalipasha tena kwa moto wa kiasi ili lipate kustahimili. Yale mawili yenye ufa tuliyabadilisha kwa majani ya upana na unene ule ule. Tulipounganisha springi tulipaka grisi yenye grafiti kati ya majani yote, tukatia bushi mpya na bolti mpya za ekseli. Hizo tulizikaza lori likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, tukazikaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa kuwa majani mapya hutulia na bolti hulegea.

Ndipo tulipokuja kwenye milango. Tulichora alama kwa msumari kuzunguka kila bawaba, ili irudi mahali pake, tukauegemeza mlango juu ya kipande cha mti na kushughulikia bawaba moja baada ya nyingine. Pini zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tulizitia dizeli siku mbili, tukazipasha moto kidogo, ndipo zikakubali kutoka. Matundu yalikuwa yamelika yakawa kama yai, na pini zenyewe zimeliwa kiunoni. Ukitia pini mpya katika tundu la yai, mlango utaning'inia siku ile ile. Kwa hiyo tulipanua matundu kwa kekee mpaka yakawa duara tena, fundi wa kukereza akatutengenezea bushi za shaba na pini mpya za chuma, na juu ya kila bawaba tukatoboa tundu dogo la kutilia oili. Nguzo ya mlango ilikuwa na ufa. Hiyo si chuma cha springi, kwa hiyo iliweza kuchomelewa. Mwisho tulisogeza pokeo la kitasa mpaka mlango ukafunga kwa kusukumwa kwa kidole.

Taniboi wetu, ambaye bega lake limekwisha kupona, ndiye aliyeufunga mara ya kwanza. Aliufungua na kuufunga mara nne au tano, hakusema kitu, akaenda kunawa mikono.

Gharama yote ya matengenezo hayo haikufika thamani ya kahawa iliyolowa siku zile mbili. Hesabu hiyo imo katika vitabu, na kila mwanachama ana haki ya kuiona.

Tangu siku ile ziko kanuni tatu. Lori halipakiwi zaidi ya magunia 60, hata kama ghala limejaa na mvua inatisha. Dereva ana daftari lake, na ombi lolote analoandika humo hujibiwa katika muda wa siku saba kwa maandishi ya Katibu, iwe ndiyo au hapana, pamoja na sababu. Nalo daftari hilo husomwa katika kila mkutano wa Kamati kabla ya hesabu za fedha. Twawaomba ninyi viongozi wa vyama vya msingi mfanye vivyo hivyo kwa mashine zenu za kumenyea kahawa, kwa mizani na hata kwa milango ya maghala. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumeujenga ukuta huo kwa fedha zenu.

Mabibi na mabwana, mkimaliza kula, piteni pale chini ya mwembe. Fungueni mlango wa lori lile, muufunge. Inameni mtazame springi zake: hakuna jani hata moja liwezalo kubeba magunia 60 peke yake, wala lile kuu, na kila moja lataka grisi yake. Daftari la dereva liko juu ya kiti. Atakayeona ombi lililopitisha siku saba bila jibu, na aje atuulize mbele ya watu, kama alivyotuuliza mama yule.