Bibi wa Mlevi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, siku ya Mungu baada ya misa



Wengine wametuuliza: je, chama cha uhuru kina kazi gani na nyumba ya mlevi? Mambo ya chumbani yabaki chumbani, ndivyo walivyosema. Sisi tunajibu hivi: njoo usimame karibu na meza ya mishahara siku ya mwisho wa mwezi. Sisi makarani twaandika majina na hesabu, nayo hesabu haioni haya. Mtu amefanya kazi siku ishirini na sita chini ya ardhi. Amekopa mbele mara mbili. Zilizobaki zinangojewa na mwenye nyumba ya pombe, naye anajua tarehe kuliko karani. Nje ya mlango yuko bibi yake, mtoto mgongoni, anataka kuwahi kabla bwana hajapita njia ya nyuma. Zamani mshahara ulitiwa katika bahasha, siku hizi wengi huupata kwa banki, lakini mbio ni zile zile. Mtu anayeshindwa kufika nyumbani na mshahara wake, nani anamtawala? Basi jambo hili ni la chama.

Tuanze na asili yake kidogo. Wazungu walipogawana Afrika walikutana Bruxelles, na katika mapatano ya mwaka 1890 wakakataza pombe kali isiuzwe katika sehemu kubwa za bara letu. Wakarudia tena katika mapatano ya Saint-Germain-en-Laye, mwaka 1919. Mtu asidhani ya kuwa yote yalikuwa huruma. Mtu mlevi habebi mzigo wala hachimbi shaba. Tena kukataza peke yake hakukumaliza neno. Lutuku ya mahindi na mihogo imepikwa usiku nyuma ya nyumba, askari wakimwaga mtungi mmoja, watatu wanachemka mahali pengine. Na bia ilipikwa hapa hapa Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Simba inajulikana katika nchi hii tangu miaka ya 1920.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawalitaji, nasi twaliona ni kubwa kuliko pombe yenyewe. Union Minière ilipoanza, mwaka 1906, na miaka mingi baadaye, watu waliletwa kazini peke yao kwa miezi, kisha wakarudi kwao. Karibu na mwaka 1928 kampuni ikageuza: ikataka mtu akae na bibi yake na watoto, afanye kazi miaka. Ikajenga nyumba, ikatoa posho ya unga kwa bwana, kwa bibi, na kwa kila mtoto. Wengi walishukuru, na walikuwa na sababu. Lakini tazameni bibi yule alipoteza nini. Kijijini alikuwa na shamba lake na ghala lake. Bwana akilewa na kupiga, wajomba walikuja, wazee walikaa, mali ya ndoa ilihesabiwa, na mlevi aliona haya mbele ya wakwe. Kambini kila kitu kilipita katika jina la bwana: nyumba, posho, hata karatasi ya hospitali. Bwana akifukuzwa kazi kwa ulevi, bibi naye alitoka nyumbani na masufuria yake. Kumwacha bwana kulikuwa ni kuacha paa. Ndiyo sababu mama zetu walijifunza kuficha. Na binti zao wameurithi ufichaji huo, ijapokuwa posho ile imekwisha zamani.

Sasa, ugonjwa wenyewe. Waganga wa hospitali wanasema ulevi wa namna hii ni ugonjwa. Chama kikubwa cha waganga wa Marekani kilikubali hivyo mwaka 1956. Msichukue neno hili kama barua ya kumsamehe mtu. Mtu wa kifua kikuu naye ni mgonjwa, lakini hatumruhusu kuwakoholea watoto usoni. Neno hili lina faida nyingine: linamwambia bibi ya kuwa si yeye aliyeleta ugonjwa. Kwa maana mlevi siku zote ana sababu, na sababu hiyo ina jina la bibi. Chakula kilichelewa. Bibi alinuna. Bibi hazai, au bibi amezaa wasichana tu. Hata mama mkwe ataimba wimbo huo. Twawaambia: angekuwa na bibi mwingine, angekunywa vile vile.

Na hapa sikilizeni vizuri, maana watu wamekufa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, asifungiwe chumbani kwa nguvu ili aache siku moja. Siku ya pili au ya tatu anaweza kushikwa na degedege, au akaona vitu visivyoonekana, joto likapanda, akafa. Wengine husema amerogwa, wakaenda kwa mganga wa dawa na kupoteza saa. Apelekwe hospitali, waganga wana dawa ya kumvusha siku zile. Vilevile ile pombe kali iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, yenye methanoli, inapofusha macho na kuua. Akisema anaona ukungu, msingoje asubuhi.

Tuwaambie habari ya mama mmoja wa Marekani, Lois Wilson. Aliolewa mwaka 1918. Bwana yake, Bill, alikuwa mtu wa akili katika biashara ya fedha, lakini pombe ilimla. Lois alimbembeleza, alilia, alimwombea, alimtoa nje ya mji akae naye hewani, akafanya kazi dukani ili wapate kula katika nyumba ya baba yake. Miaka kumi na sita. Mwezi wa Desemba 1934 Bill aliacha, na mwaka uliofuata, yeye na mganga mmoja, Bob Smith, walianza chama cha walevi wanaosaidiana kuacha. Mngedhani Lois alifurahi akatulia. La. Siku moja Bill alimwita waende mkutanoni, naye akakasirika akatupa kiatu! Aliona ya kuwa miaka yote ile alijivika kazi ya kumponya, sasa watu wengine wamemponya, naye hakujua tena yeye ni nani. Mwaka 1951, pamoja na mwenzake mmoja, aliunganisha vikundi vya jamaa za walevi, Al-Anon. Wanakutana wao kwa wao, bwana akiwa ameacha au bado anakunywa. Wanafundishana ya kuwa hawakuuleta ulevi ule, hawawezi kuutawala, wala hawawezi kuuponya. Lois alikufa mwaka 1988, na vikundi vile vipo katika nchi nyingi.

Mtu asiseme ya kuwa kukaa pamoja na kusema habari za ndoa ni desturi ya wageni. Mwaka 1953 padri Placide Tempels alikuwa Ruwe, karibu na Kolwezi, na pale wafanyakazi wa mgodi na bibi zao walianza Jamaa. Bwana na bibi waliketi pamoja, wakafunuliana mioyo, wakafundisha wengine. Baadaye wakubwa wa Kanisa waliiogopa, hiyo ni habari nyingine. Lakini watu wa kambi walionyesha ya kuwa wanaweza.

Basi, bibi afanye nini? Asibishane na mtu aliyelewa. Maneno yangoje asubuhi, na yawe machache. Asimwage pombe wala kuificha, atapoteza nguvu bure na bwana atapata nyingine. Asiende kwa kapita kusema bwana ana homa, wakati bwana amelala mlevi. Tunajua neno hili ni gumu, maana kazi ikipotea watoto hawali. Lakini sisi makarani tumeona jinsi homa hizo zinavyoongezeka, mpaka siku moja mtu anashuka mgodini na pombe kichwani, na chini kule hapati ajali peke yake. Afadhali amtume bwana mwenyewe akaonane na mganga wa kazi mapema.

Akipiga, bibi atoke usiku ule ule na watoto. Nyumba ya kwenda ijulikane kabla, karatasi za watoto ziwe tayari katika mfuko. Kuvumilia fimbo si ndoa, na padri anayesema vingine hajapigwa.

Fedha. Atie kidogo katika likelemba kwa jina lake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa matendo mengi ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile, ikataka bwana na bibi wapatane. Kuuza kiwanja cha nyumba nako kunataka mapatano ya wote wawili. Basi bwana akimleta mnunuzi akiwa amelewa, bibi ana neno la kusema mbele ya wakubwa wa mji, wala asikubali kutia kidole kwenye karatasi asiyosomewa.

Wako pia mabwana wenye bibi anayekunywa. Hawa hunyamaza zaidi, kwa haya. Maneno ni yale yale kwao.

Na yule mtoto wa kwanza, msichana wa miaka kumi anayemtafuta baba yake usiku katika nyumba za pombe, anayewavisha wadogo zake: msimsifu tu ya kuwa ni mtu mzima. Mpelekeni shuleni, na mmwambie wazi baba ni mgonjwa, maana anadhani ni kosa lake.

Neno la mwisho ni kwa wanaume wa chama. Mtu akija kutafuta kura na makasha ya bia, komiti imwambie ayarudishe aliko yatoa. Na mkutano wa wanachama usifanywe katika nyumba ya pombe, hata mwenyewe akitupa viti bure. Akina mama wanaotaka kukutana peke yao, chumba hiki ni chao kila Alhamisi saa tisa. Ufunguo uko kwa mama mwenye likelemba. Hatutaandika jina la mtu.

Sasa tunangoja maulizo. Akina mama waanze.