Kikundi Kikitaka Kununua Gari Dogo



Tukizunguka vijijini tunaulizwa sana: tutapata wapi gari dogo la petroli, la bei nafuu, la kubebea maziwa na mboga? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ile pikapu ya Datsun 1200 ilikuwa na kabureta, na fundi wa jua kali aliimaliza kwa spana na bisibisi. Peugeot 504 nayo iliunganishwa hapa hapa Mombasa.

Magari ya namna hiyo yanaisha, na si Kenya peke yake. India iliacha kutengeneza Maruti 800 mwaka 2014. Ford wakaacha kuunda Fiesta kule Ujerumani mwaka 2023. Faida ya gari dogo ni kidogo, na sheria za moshi na usalama zinadai vifaa vingi. (Hatuzilaumu, mapafu ni yetu.)

Kwetu, gari la mtumba likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo yanayoshuka bandarini yana kompyuta, mengine ni haibridi. Hapo ndipo shida: taa ya injini ikiwaka, spana pekee haitoshi, inatakiwa mashine ya kusoma hitilafu.

Basi mweka hazina asitoe pesa za wanachama kabla hamjauliza: fundi gani wa karibu ana mashine hiyo? Betri ya haibridi ikifa, mpya ni pesa ngapi?

Na kama kikundi kina Datsun kuukuu ambayo bado inatembea, jamani, msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma kabla ya kuongea na fundi.