KAZI YA MIAKA MINANE NA KAZI YA MIAKA KUMI

(Muhadhara uliotolewa mjini Tunduma baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.



Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi. Suratul-Qasas inatueleza kuwa binti mmoja alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Sharti likawa achunge kwa miaka minane. Akitimiza kumi, ile miwili ni hisani yake mwenyewe. Imam Bukhari amepokea kuwa Ibn Abbas (R.A.) aliulizwa Musa alitimiza muda upi, naye akabainisha kuwa ni ule mrefu.

Miwili ile hakuna ambaye angemdai. Wengi wetu ni watu wa miaka minane. Kazi tunaijua, tunaimaliza, ujira tunauchukua, wala tajiri hana la kutulaumu. Lakini moyo haumo.

Tuutazame mji wetu. Tunduma inakula kwa barabara. Malori ya shaba yanatoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na ya mafuta yanarudi huko. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Jengo ni zuri, lakini jengo halijazi nyaraka. Wakala wa forodha akikosea tarakimu moja, dereva analala ndani ya lori usiku kucha, naye wakala atasema, tena kwa haki, kwamba nyaraka alizipeleka.

Na fundi wa breki je? Amekaza, lori limesimama alipolijaribu, amelipwa. Je, alilifungua gurudumu akatazama ndani? Mwenye lori hatajua. Watakaojua ni wale watakaokutana nalo kwenye mteremko wa Senjele likiwa na shehena kamili.

Katika Sahihi Muslim, Shaddad bin Aws (R.A.) amepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuwa ihsani imefaradhishwa katika kila jambo. Mfano alioutoa hapo si swala wala saumu, ni kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Tuzingatie hapa. Mnyama yule atakufa vyovyote vile, na kisu kizito kikikata ipasavyo nyama ni halali, na mlaji hatatambua tofauti. Hata hivyo tumeamrishwa kunoa.

Tumebishana miaka mingi misikitini mikono iwekwe wapi katika swala, wala hatujutii kuitafuta Sunna. Ila ni lini tuliulizana kuhusu mizani zetu? Suratul-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Mnunuzi anayemjazisha mkulima wa Mbozi gunia la lumbesa, kisha akauza kwa kilo, anaijua vyema biashara yake. Huyo hata miaka minane hajaitimiza.

Wala tusidhani tunawasema wengine. Sisi walimu wa madrasa tumewavusha watoto Juzuu Amma ilhali hawatenganishi qaaf na kaaf. Mzazi hajui, ada amelipa, mtoto amehitimu. Tumefanya hivyo, na tunaomba radhi.

Atauliza mtu: ujira ni mdogo na tajiri ni dhalimu, kwa nini nimwongezee miaka miwili? Swali hili ni la haki. Mzee wa Madyan aliahidi, katika mkataba uleule, kwamba hatamtaabisha Musa. Tajiri anayezuia ujira wa vibarua asikitumie kisa hiki kuwanyamazisha. Deni lake lilipwe kwanza. Ama fundi, breki ile hamfungii tajiri peke yake. Anamfungia pia utingo, na mama aliyeketi kando ya barabara akiuza ndizi.

Tumekubaliana na wazee wa msikiti kwamba Ijumaa ijayo, baada ya swala, kila mwenye duka alete mizani yake ipimwe hapa uani, tukianza na ya duka la msikiti. Na watoto wa Juzuu Amma watarudia kuanzia Al-Fatiha, bila ada.

Wabillahi tawfiq.