Chimbeni Shimo Kabla ya Kulipa: Habari za Udongo Mweusi Unaotuamisha Maji

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii wa parokia mbele ya wanakamati wa vikundi vya kujisaidia)



Mwezi uliopita kikundi kimoja kati yenu kilifika ofisini. Wamepata ekari mbili kule bondeni. Mwenye shamba yuko tayari kuwakodishia kwa miaka mitano, bei ni nusu ya ile ya mashamba ya juu, na udongo ni mweusi tititi. Pesa za merigoraundi zimekusanywa. Walichotaka kwangu ni barua ya mapatano tu. Nikawaambia, ngojeni kwanza.

Najua walikasirika kidogo. Lakini nina sababu. Miaka iliyopita kikundi kingine, sitakitaja, kilikodi bonde kama hilo wakati wa kiangazi. Shamba lilikuwa kavu, jeusi, linapendeza macho. Mvua ya masika ikaja. Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, halafu yakaanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Ukienda kupalilia, gumbuti inabaki matopeni. Hawakuvuna hata gunia moja. Kikundi kile kilivunjika, na hakikuvunjwa na njaa, kilivunjwa na lawama: nani alisema tukodi, nani alishika pesa. Na barua ya mapatano niliiandika mimi. Niliuliza juu ya sahihi na mashahidi, sikuuliza hata neno moja juu ya udongo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuwauliza maafisa wa kilimo. Leo nataka niwaeleze habari za udongo mmoja wa mbali, kwa sababu habari zake zimechunguzwa na kuandikwa vizuri, na kwa sababu wenyewe walihangaika nao jinsi sisi tunavyohangaika. Unaitwa Drummer. Uko katika jimbo la Illinois, Marekani, na jina hilo limetokana na kijito kimoja cha wilaya ya Ford. Huko unafunika zaidi ya ekari milioni moja na nusu. Mwaka 2001 ulitangazwa kuwa udongo rasmi wa jimbo, kama vile nchi inavyokuwa na ndege wake au ua lake. Msicheke, wenzetu wanauheshimu udongo!

Ulitoka wapi? Akina mama, mnakijua kinu cha posho. Ukisaga mahindi, zile chenga zinaanguka karibu, unga unaingia guniani, na ile vumbi nyeupe inapaa, inakaa juu ya boriti na kwenye nywele za mwenye kinu. Karibu na mashine ni nene, ukienda mbali inapungua. Basi udongo wa Illinois ulikuja hivyo. Zamani sana sehemu kubwa ya kaskazini ya Amerika ilifunikwa na barafu, si kidogo kama ile ya kilele cha Mlima Kenya, bali nchi nzima. Barafu ilipokuwa ikiyeyuka, mito ilijaa maji ya tope. Msimu wa baridi maji yalipungua, tope likakauka mabondeni, upepo ukaliinua na kulimwaga juu ya nchi. Jambo hilo liliendelea kwa maelfu ya miaka, takriban kati ya miaka 25,000 na 12,000 iliyopita. Udongo huo wa vumbi wataalamu wanauita loesi. Chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za udongo wa mfinyanzi. Ukiushika ukiwa mkavu ni laini kama unga.

Pale penye Drummer, vumbi hiyo ina kina cha inchi 40 hadi 60, na chini yake kuna matabaka ya mchanga na tope yaliyoachwa na maji ya barafu.

Sasa tuchukue jembe, tuchimbe shimo huko Illinois. Futi moja ya kwanza, na zaidi kidogo, ni nyeusi. Ni nyeusi kwa sababu nyasi ndefu ziliota hapo kwa maelfu ya miaka, mizizi ikafa, na kwa kuwa palikuwa na maji mengi haikuoza upesi. Kuoza kunataka hewa. Kwa hiyo mboji ilijilimbikiza. Hapo ndipo kila mtu anapofurahi na kusema shamba ni hili.

Endelea kuchimba. Ukipita futi moja na nusu hivi, rangi inabadilika. Unakuta kijivu, na ndani ya kijivu kuna madoa ya rangi ya kutu, kama bati la zamani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sababu ya mimi kuja na jambo hili. Udongo una chuma ndani yake. Penye hewa, chuma hicho hupata kutu, ndiyo maana udongo wetu wa mlimani ni mwekundu. Penye maji yaliyokaa muda mrefu hewa hakuna, kutu inayeyuka na kuondoka na maji, kinachobaki ni kijivu. Yale madoa ni mahali ambapo hewa kidogo ilipita, labda kwenye njia ya mzizi uliokufa. Kwa hiyo weusi wa juu unakuonyesha mboji iliyowekwa akiba, na kijivu cha chini kinakuonyesha maji yaliyokaa. Mtu akikuonyesha shamba mwezi wa pili, maji hayapo, lakini kijivu kipo. Hakiendi popote. Hata huko Illinois, mashamba yaliyotolewa maji zaidi ya miaka 100 iliyopita bado ni kijivu chini.

Na yale mahindi ya manjano? Mzizi unapumua kama sisi. Ukiufunika kwa maji siku kadhaa unakosa hewa, hauwezi kuvuta chakula. Tena kuna vijidudu vya udongoni ambavyo vikikosa hewa hutumia naitrojeni ya mbolea badala yake, na naitrojeni hiyo inapaa hewani. Ndiyo kusema unaweza kuweka mfuko mzima wa mbolea kwenye shamba lenye maji, na pesa zako zikaruka kama moshi.

Sasa swali la mzee mmoja, aliniuliza hapo nje: kama udongo huo una maji hivyo, kwa nini Wamarekani wanausifu? Ni kwa sababu ya kitu walichofanya, na hawakukifanya mmoja mmoja.

Wakulima wa kwanza waliofika Illinois walikwepa nyika hizo zenye maji, wakalima karibu na miti. Majira ya mvua mikokoteni ilizama. Homa ya malaria ilikuwa huko pia, ilikuwa ikiwatetemesha watu kama hapa kwetu. Mwaka 1850 serikali yao ilitoa sheria ya kuyapa majimbo ardhi hizo za majimaji, maana zilihesabiwa kama si kitu. Baadaye watu wakaanza kufukia mabomba mafupi ya udongo uliochomwa, kama vyungu visivyo na matako, kwa kina cha futi tatu au nne, yakiwa yameinama kidogo kuelekea mtaro mkubwa. Maji yanaingia kwenye viungio na kuteremka. Ufundi huo ulikuwa umeletwa New York na mkulima aliyetoka Scotland, John Johnston, mwaka 1835.

Lakini fikirini. Shamba lenyewe ni tambarare, mteremko haufiki hata futi mbili katika futi mia. Ukitoa maji yako yanakwenda wapi? Kwa jirani. Naye akiyatoa yanakwenda kwa mwingine. Ikawa kesi juu ya kesi. Mwaka 1878 Illinois ilibadilisha katiba yake, na mwaka 1879 ikatungwa sheria ya kuruhusu wenye mashamba kuungana katika eneo moja la mitaro, kuchagua wasimamizi, na kutozwa kodi ya kuchimba na kutunza mtaro mkuu, kila mmoja kwa kadiri anavyofaidika. Mwenye shamba la bondeni kabisa hakulipa sawa na mwenye kilima. Mimi niliposoma hapo nikakumbuka michango yetu ya bomba la maji, jinsi tunavyogombana kwamba kila mtu atoe sawa. Wenzetu walilijadili jambo hilo mpaka likaingia kwenye sheria.

Kwa njia hiyo Drummer uligeuka kuwa kati ya mashamba bora ya mahindi na soya duniani. Mabomba siku hizi ni ya plastiki yenye matundu, lakini kazi ni ile ile. Na mkulima bado anauogopa udongo huo ukiwa umelowa, kwa sababu ukiupitisha trekta au ng'ombe wakati huo unashikana na kuwa mgumu kama tofali.

Nisiwafiche upande wa pili. Yale maji yanayotoka kwenye mabomba hubeba naitrojeni mpaka mto Mississippi, na mto unaimwaga katika Ghuba ya Mexico. Huko mimea midogo ya majini inanenepa, inakufa, inaoza, na hewa ya majini inakwisha, samaki wanahama au wanakufa. Tena kati ya miaka ya 1780 na ile ya 1980 Illinois ilipoteza ardhi yake ya majimaji kutoka ekari kama milioni 8.2 hadi milioni 1.25. Kinamasi kilikuwa sponji ya kushika mafuriko na kuchuja maji. Walipata mahindi, na walilipa.

Basi turudi bondeni kwetu, na hapa ni lazima niseme wazi: udongo wetu mweusi si loesi. Haukuletwa na upepo. Huu wa kwetu mwingi, tunaouita udongo wa pamba, ni mfinyanzi mtupu. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuingia, ukilowa unavimba na kujifunga. Drummer hauzuii maji kupita, taabu yake ni kwamba maji hayana pa kwenda. Ukilipa njia, yanakwenda. Wetu hata ukiyapa njia chini, hayapiti kufika huko. Kwa hiyo msije mkanunua mabomba ya plastiki kwa sababu mmesikia habari za Illinois. Kwa udongo wa pamba maji hutolewa juu juu: matuta mapana yaliyoinuka na mifereji katikati yake. Au mnakubali maji na kupanda kinachoyapenda. Kule Mwea mpunga unalimwa kwenye udongo mweusi wa namna hiyo hiyo. Sehemu zenye chemchemi nduma inastawi, na soko lake mnalijua kuliko mimi.

Na kama ni kinamasi kweli, penye mafunjo na matete mwaka mzima, acheni. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kukausha ardhi ya majimaji bila idhini ya NEMA. Mkichimba mtaro hapo mtafuatwa ninyi, mwenye shamba atakuwa ameshakula pesa.

Kwa hiyo lile kundi la ekari mbili, kabla ya kutoa hata shilingi, fanyeni hivi. Chimbeni mashimo matatu: juu, katikati, na pale chini kabisa. Yafike kiunoni. Tazameni rangi ukutani mwa shimo kukiwa na jua. Katika udongo mweusi sana madoa hayaonekani upesi, basi chukueni bonge, mlivunje, mtazame ndani. Finyangeni kidogo mkononi: ukiweza kuuviringisha kama nyoka mwembamba akakunjwa bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Halafu jazeni shimo maji. Siku ya kwanza msiyaamini, maana nyufa zitayanywa yote na mtafurahi bure. Jazeni tena kesho yake. Maji yakiwa bado yamekaa keshokutwa, mmepata jibu. Na mwulizeni mama anayelima shamba la jirani maji hufika wapi mwezi wa nne. Msimwulize mwenye shamba.

Mkiona bado mnataka, tutaongea bei upya, na katika barua tutaandika mazao gani, nani atachimba mifereji, na maji yatatokea shamba la nani, huyo naye atie sahihi. Hata miaka mitano tunaweza kuomba iwe mwaka mmoja wa kujaribu.

Mwenyekiti amekubali twende Jumamosi saa tatu asubuhi. Leteni majembe mawili, sururu moja na madebe ya kuchotea maji. Nami nitavaa gumbuti.