Nyundo kwa mkono wa mzee: kuchagua vifaa viungo vinapouma

Maelezo kwa wazee, mafundi na kina mama wa Wadi ya Pumwani



Nyundo za Kamukunji husikika kabla mtu hajaona kibanda hata kimoja. Masanduku ya wanafunzi, sufuria, mikokoteni, majiko: vyote hupitia kwenye mkono unaogonga bati tangu asubuhi. Miaka ya themanini, jiko la makaa lenye udongo ndani lilipoanza kuenea Nairobi, mafundi wa bati wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliolifanya bidhaa ya soko. Waliokuwa vijana wakati huo sasa wamepita sitini. Kazi bado wanaijua, ila vidole vimevimba, shina la kidole gumba linachoma, na asubuhi ngumi haifungi.

Wengi huita yote hayo baridi yabisi, lakini magonjwa ya viungo si moja. Lipo la kuchakaa, ambapo gegedu linalotenganisha mifupa kwenye kiungo huisha kidogo kidogo. Hili ndilo la kawaida kwa wazee. Lipo jongo, ambalo huja kwa ghafla na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu. Na lipo lile ambalo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Mtu ambaye mikono yote miwili imevimba, na ukakamavu wa asubuhi unamkalia zaidi ya nusu saa, asingoje. Aina hiyo ikitibiwa mapema viungo huokolewa; ikiachwa, vidole hupinda na havinyooki tena.

Kinachofanyika mara nyingi ni tofauti. Fundi hupitia duka la dawa saa moja asubuhi, hununua vidonge vya diclofenac au ibuprofen, humeza, na kurudi kwenye nyundo ile ile. Vidonge hivyo hupunguza maumivu kweli. Vikimezwa kila siku kwa miezi bila daktari kujua, huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mzee ambaye tayari anatumia dawa za presha. Unga usio na jina unaouzwa kama mitishamba ya viungo ni mbaya zaidi, kwa sababu katika nchi mbalimbali umewahi kukutwa umechanganywa na steroidi. Mzee anayeona nafuu ya ajabu kwa siku mbili ana haki ya kuuliza ndani mna nini. Aliyejisajili na SHA, kwa simu kupitia *147#, aanzie zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, na abebe vidonge vyote anavyomeza.

Dawa ina mahali pake, lakini hainenepeshi mpini. Na mpini ndio neno lenyewe la leo.

Jambo hili limeshughulikiwa kwa makini katika mchezo ambao watu wengi wa Pumwani huuona kwenye televisheni tu: gofu. Klabu inayoitwa leo Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na ya Railway mwaka 1922. Wachezaji wake huzeeka kama watu wengine, na viungo huwauma kama watu wengine. Fimbo ya gofu, ukiitazama vizuri, ni nyundo yenye mpini mrefu: inagonga kitu kigumu, na mshtuko unarudi mkononi. Mchezaji mzee mwenye vidole vibovu huambiwa abadilishe vitu kadhaa. Sehemu ya kushika iwe nene zaidi, ya mpira laini. Huuzwa kwa saizi mbalimbali, kutoka nyembamba hadi nene kabisa. Fimbo ya chuma aiache, achukue ya grafaiti, ambayo ni nyepesi na hupunguza mtetemo. Mpira auchague laini. Na pale ambapo haoni haya kuvunja kanuni kidogo, auinue mpira juu ya kijiti ili fimbo isigonge ardhi.

Grafaiti ni ghali, na hakuna fundi wa Kamukunji anayeihitaji. Sababu zake ndizo zinazohitajika, nazo ni za bure. Mpini mwembamba humlazimu mtu kukaza ngumi ili nyundo isimponyoke, na kukaza huko hubana viungo vya vidole, hasa shina la kidole gumba, wakati tayari vinauma. Mpini mnene hushikika bila kukazwa sana. Kipimo ni hiki: mkono ukifunga mpini, ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja. Zikichimba kiganja, mpini ni mwembamba. Zikibaki mbali, ni mnene kupita kiasi, na mkono utachoka vilevile. Kwa watu wengi upana unaofaa ni kati ya sentimita 3 na 4.

Nyundo nyingi za vibandani zimechomelewa mpini wa bomba la chuma. Hazivunjiki, na hilo ni jambo zuri, lakini kila pigo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiwiko. Mpini wa mti hupunguza mshtuko. Anayetaka kubaki na bomba lake achukue tyubu kuukuu ya baiskeli, aikate utepe, aizungushe akiivuta kwa nguvu, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia, hadi kipimo kitimie. Karatasi laini ya nailoni haifai, kwa kuwa jasho likiingia huteleza na fundi hurudi kukaza ngumi.

Uzito nao una ubishi wake. Wapo wazee wanaoamini kwamba nyundo nzito humaliza kazi kwa mapigo machache. Kwa chuma kinene ni kweli. Kwa bati la sanduku, nyundo nyepesi inatosha, na ile nzito kijana wa kibandani anaweza kuibeba. Kukata bati nako kunaumiza kuliko kugonga, kwa hiyo mkasi uwe na mikono mirefu na springi ya kuufungua. Mzee anayepima na kuchora mistari huku kijana akikata hajashushwa cheo. Kosa la kipimo huharibu bati zima, na jicho la kipimo ni lake.

Kifaa kisinunuliwe kwa kutazamwa. Kishikwe kwa dakika nzima, kiinuliwe na kushushwa kama kazini, tena siku ambayo mkono unauma. Mchana wa jua kila nyundo ni nzuri. Ukweli huonekana asubuhi ya baridi ya Julai. Asubuhi kama hiyo, kuloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kutoka huwasaidia wengi.

Jikoni hesabu ni ile ile. Mpini wa kisu na wa mwiko huzungushiwa kitambaa au tyubu. Sufuria ya mikono miwili ni bora kuliko ya mkono mmoja. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na wote huning'inia kwenye vidole vinne. Mitungi midogo ya lita 5, hata kwa safari zaidi, ni nafuu.

Kuhusu bakora: kichwa cha mviringo hupendeza, lakini huuchosha mkono wenye viungo vibovu. Kilicholala bapa hubeba uzito kwa kiganja chote. Mzee akisimama wima na viatu vyake, mikono imening'inia, kichwa cha bakora kifikie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Goti la kulia likiuma, bakora ishikwe kwa mkono wa kushoto. Wengi huishika upande ule ule wa maumivu. Chini iwe na kitako cha mpira, nacho kikaguliwe kila mwezi, maana kikishalainika huteleza kwenye saruji yenye maji.