Picha Yako Ikianza Kusema



Vijana wenzangu, haya niliyazungumza na wapiga picha wa Kisii na Nyamira wanaotaka kuingia kwenye video. Wengine waliomba yaandikwe, basi nimeyaweka hapa karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.

Wewe tayari unajua kupiga picha. Unajua mwanga wa asubuhi kwenye majani chai ya Nyamira, unajua kusubiri mpaka mtu asahau kamera yako. Sasa unabonyeza kitufe cha kurekodi ukidhani video ni picha ile ile, ila inatembea. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilikwenda Tabaka kwa wachonga mawe ya sabuni. Kama hujafika, akina mama wengi hukaa na beseni la maji, wakisugua vinyago kwa msasa mpaka viteleze. Vumbi jeupe liko kila mahali, hata kwenye kope. Kwa mpiga picha ni raha tupu. Nilipiga nikashiba, halafu nikamwomba mama mmoja tuzungumze kwa video. Ilikuwa saa nane mchana, chini ya mabati.

Nyinyi wa Kisii mshaanza kucheka. Mvua ya alasiri ikaja. Mama akanieleza maisha yake yote: karo za watoto, bei anayopewa na wanunuzi, kifua kinachombana usiku kwa ajili ya lile vumbi. Nilipofika nyumbani nikasikiliza. Nilisikia mabati tu. Sura yake ilikuwa safi kabisa, machozi unayaona, lakini neno hata moja halishikiki. Nilirudi wiki iliyofuata kumwomba aseme tena. Alisema, lakini kwa ufupi, kama mtu anayetoa ripoti. Yale ya mara ya kwanza yalikwenda na mvua.

Kwa hivyo anza na sauti. Mahojiano yafanye asubuhi. Kama huna maikrofoni, chukua simu ya pili, ukae nayo shubiri moja chini ya kidevu chake, ifunike kwa leso upepo usipige. Mkianza, piga kofi moja mbele ya kamera; kofi hilo litakusaidia kuoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Mkimaliza, mwambie kila mtu anyamaze dakika moja, urekodi mahali penyewe: msasa, kuku, bodaboda ikipita mbali. Sauti hiyo ndiyo itakayoshona vipande vyako visionekane vimekatwa na shoka.

Upande wa picha, ugonjwa wetu sisi wapiga picha ni mmoja. Tunapiga sekunde mbili na kuhama. Tulia. Hesabu mpaka kumi kabla ya kusogeza kamera. Piga mikono, piga uso, piga chumba chote, piga kile anachokitazama. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, manake umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hazitakuchezea. Mengine utajifunza ukiwa njiani.

Wacha nikukumbushe mtu wetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanzisha Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Huyu hakuchagua kati ya picha na filamu, alibeba kamera zote mbili. Alipiga picha za Hija zikatoka kitabu mwaka 1978. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC, na filamu yake ya njaa ile ikatikisa dunia. Mwaka uliofuata watu wakajaa viwanjani kwa tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Allah amrehemu.

Namheshimu sana. Lakini itazame tena ile filamu ya Korem ukiwa umefumba macho. Unayemsikia zaidi ni mtangazaji. Watu wenyewe wenye njaa tunawaona kuliko tunavyowasikia. Ilikuwa 1984, habari ya dakika chache, na mimi simlaumu. Wewe lakini una simu mfukoni na muda wa kukaa. Ukimhoji magokoro wa Nyamaiya, mwache aseme kwa Ekegusii chake. Kiswahili utakiweka chini kwa maandishi, na atakayetafsiri awe mtu wa huko huko, asiyekisia. Usimwambie azungumze Kiswahili ili kazi yako iwe nyepesi. Mtu akilazimishwa lugha anakuwa mpole ghafla, hata kama ana hasira ya haki.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza.

Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina nyanya wanne waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Nchi nzima ilisikia. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa jina hilo hilo, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma yake kuna shamba.

Fikiria sasa sisi na tunavyopenda kupiga picha. Tunapenda nini? Nyanya mwenye makunyanzi, jikoni gizani, moshi, mwanga unaingia kwa dirisha moja. Nyeusi na nyeupe. Kwenye maonyesho Nairobi watu wanasema ni nzuri. Ukiigeuza kuwa video, unaongeza muziki. Unafungua programu ya kuhariri, unachukua ule wa bure wenye ngoma nzito na mlio mrefu, kwa sababu unasikika kama filamu. Hujasema neno lolote baya. Lakini kuna kijiji ambacho mwanamke huyo ananong'onwa, na mpwa wake analitaka shamba. Video yako inapita kwenye vikundi vya simu, imekatwa, imebaki sekunde kumi na tano: moshi, uso, muziki wa kutisha. Umempa mtu ushahidi ambao hakuwa nao.

Sitii chumvi. Picha iliyosimama hukaa kimya, kila mtu huisoma anavyotaka. Video unaiambia watu wasikie nini na waogope nini. Ndiyo maana kwa wazee wa huku mimi siweki muziki kabisa. Naweka sauti yake akicheka, akiita mbuzi, akimpigia kelele mjukuu. Nampiga nje, mchana, akiwa na majirani.

Na kama umemrekodi aliyenusurika, usioneshe uso, wala mlango, wala ule mlima nyuma ya nyumba. Mtu wa Marani anaujua mlima wake. Zima pia ile sehemu ya simu inayoandika mahali ulipo.

Ruhusa nayo siyo kutikisa kichwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mweleze video itakwenda wapi, nani ataiona, na kwamba ikishatoka hutaweza kuirudisha. Rekodi jibu lake. Kisha, kabla ya kuipandisha popote, mrudishie. Kaa naye, mpe simu, mtazame pamoja mpaka mwisho, hata kama nauli ya kurudi inauma.

Yule mama wa Tabaka nilimrudishia. Alitazama kimya, akaniomba nitoe pale aliposema bei anayopewa, kwa sababu mnunuzi angemjua. Ndiyo ilikuwa sehemu kali kuliko zote. Niliitoa. Halafu akauliza ile ya siku ya mvua iko wapi.