Kugawana Saa za Bahari: Utalii, Mwani na Uvuvi Katika Pwani ya Mashariki ya Unguja



Kila andiko la uchumi wa buluu huja na ramani, na kila ramani huipaka bahari rangi: hapa utalii, hapa uvuvi, hapa mwani, hapa njia ya meli. Kwa bandari ramani hiyo inafaa, maana gati haihami. Kwa pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Bwejuu na Paje kushuka Jambiani hadi Makunduchi, haitoshi. Kule pahala palepale asubuhi ni shamba na alasiri ni uwanja wa michezo. Ninachokuja kukitetea hapa ni kwamba tuanze kugawana saa na misimu, kisha ndiyo tugawane maeneo.

Wenyeji wa huko wataniwia radhi nikieleza wanalolijua tangu utotoni. Nalieleza kwa ajili yetu sisi tunaopanga mipango kutoka mjini. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika kama mita nne. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, mtu akatembea kwa miguu karibu na mwamba, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri. Yakiwa maji mafu hayapwi ya kutosha, na mkulima wa mwani hana la kufanya shambani. Kwa hiyo kazi ya mwani ina siku chache katika kila nusu mwezi, na ndani ya siku hizo saa chache tu. Mcheza kaiti naye anataka maji yaliyojaa kiasi na upepo wa kusi au kaskazi. Ukitazama saa peke yake, hawa wawili hawana ugomvi.

Ugomvi unakuja kwa sababu mkulima huondoka na shamba likabaki. Maji yakijaa, vigingi na kamba havionekani. Pezi la ubao wa kaiti linakata kamba. Mchezaji naye akianguka, huenda akaangukia kigingi. Kesho yake mama anakuta mwani wake umesombwa hadi ufukweni, pengine ikiwa imebaki wiki moja tu kati ya sita za kukua kwake kabla ya kuvuna. Hoteli nayo inalalamika kwamba mwani unaooza unawanukia wageni. Kila upande una haki yake, ila mmoja tu ndio wenye namba ya simu ya mkubwa.

Mwani si kazi ya kupuuzwa. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wengi wa wakulima ni wanawake, ambao wengine hawakuwahi kabla yake kushika fedha zao wenyewe. Leo kotonii, aina yenye bei nzuri, inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Inabaki spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Anayetaka kotonii inambidi aende kina kirefu, kwa chombo, na wengi hawana chombo wala hawajui kuogelea. Hapa ndipo utalii unapoweza kuwa na faida zaidi ya ajira ya kufagia vyumba. Paje tayari kuna kina mama wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni ya kuwauzia wageni. Jambiani wapo wanaofuga sponji na kuziuza vivyo hivyo. Mwani wa kusaga hauhitaji tani nyingi ili umlipe mkulima. Unahitaji mnunuzi aliye karibu, na Zanzibar mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000.

Kuhusu uvuvi, mfano unaotajwa mara nyingi ni Chumbe. Mwamba wake ulifungwa rasmi mwaka 1994, waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi, na mapato ya wageni wa nyumba saba tu ndiyo yanayoulinda. Ni kazi nzuri, nami nimekuwa nikiisifu. Lakini Chumbe ni kisiwa kisichokuwa na kijiji. Huwezi kuihamishia Jambiani.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni kufunga mwamba wa pweza kwa muda, kama wanavyofanya Kisiwa Panza kule Pemba. Pweza hukua haraka. Ukimwacha miezi mitatu anaongezeka uzito sana. Shida iko siku ya kufungua: pweza wote wanatoka pamoja, wachuuzi wanashusha bei, na waliovumilia miezi mitatu wanauza kwa hasara. Hoteli ambayo inapika pweza kila siku ingeweza kuahidi bei kabla ya mwamba kufungwa, na kulipa sehemu yake mapema. Hiyo si sadaka, ni ununuzi. Hadi hapo, gharama ya kuhifadhi anaibeba mvuvi, na mgeni anapiga picha.

Kizimkazi inaonyesha hatari ya upande wa pili, wa utalii wenyewe. Pomboo waliowahi kuvuliwa wawe chambo cha papa wamekuwa kitega uchumi tangu miaka ya 1990, na hilo ni jambo la kheri. Lakini asubuhi boti zinapowazunguka, kila nahodha akikimbilia kuwa mbele ili wageni wake waruke majini, pomboo hawapati nafasi ya kupumzika. Idadi ya boti kwa kundi moja, na muda wa kukaa nalo, ni mambo ambayo manahodha wanaweza kuafikiana wenyewe, almuradi anayekiuka akose wateja.

Makaro ya hoteli sitayazungumzia kwa urefu. Ardhi ya uwanda ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Kinachomwagwa nyuma ya jengo kinafika baharini, kwa mkulima na kwa muogeleaji kwa pamoja.

Ninapendekeza kila shehia ya pwani iwe na ratiba ya msimu, moja kwa kusi na moja kwa kaskazi, ikionyesha mashamba yaliyowekewa maboya, njia ya kaiti, na miamba iliyofungwa. Isainiwe na kamati ya wavuvi, wakulima wa mwani na wenye hoteli, na sehemu ya ada za michezo ya majini ibaki kwenye kamati hiyo kulipia maboya na kamba zilizokatwa. Mkutano wa kwanza ufanyike kabla kusi haijaanza kuvuma, na uitwe siku ya maji mafu. Mingi ya aina hii niliyohudhuria iliitwa asubuhi ya bamvua, na wakulima wa mwani hawakuwemo.